Kutoka 400 kwenda nekedi ya kati: MT-07, Hornet 750, GSX-8S, Trident 660 au Z650?

Ngoma_Tupu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Nataka kupanda daraja. Natumia Dominar 400. Haina ubaya wowote, ila kwa kazi ninayoipa imefika mwisho. Ukiwa 110 na abiria nyuma, kupita lori ni mpaka ushushe gia, na bado unasubiri.

Nataka nekedi, isiyo na mabodi ya plastiki, kati ya cc 650 na 800. Nimebaki na tano: Yamaha MT-07, Honda CB750 Hornet, Suzuki GSX-8S, Triumph Trident 660 na Kawasaki Z650.

Matumizi: foleni siku za kazi, safari ndefu wikendi, mara nyingi tukiwa wawili. Nina kilo 86 nikiwa nimevaa kila kitu, urefu sm 171. Oili, filta, pedi na cheni nafanya mwenyewe, valvu sigusi. Naomba tulinganishe mambo yanayoonekana barabarani. Picha za matangazo nimeshashiba.

Pinda_Kona

Tuweke namba kwanza ili tusibishane hewani. Ni za kiwandani, uzito pikipiki ikiwa na mafuta na oili.

MT-07 ya 2021 hadi 2024: cc 689, hosipawa 73 kwenye mizunguko 8,750 kwa dakika, Nm 67 (nguvu ya kuzungusha) kwenye 6,500, kilo 184, siti mm 805, tanki lita 14.
Hornet ya 2023: cc 755, hosipawa 92 kwenye 9,500, Nm 75 kwenye 7,250, kilo 190, siti mm 795, tanki lita 15.2.
GSX-8S: cc 776, hosipawa 83 kwenye 8,500, Nm 78 kwenye 6,800, kilo 202, siti mm 810, tanki lita 14.
Trident ya 2021: silinda tatu, cc 660, hosipawa 81 kwenye 10,250, Nm 64 kwenye 6,250, kilo 189, siti mm 805, tanki lita 14.
Z650: cc 649, hosipawa 68 kwenye 8,000, Nm 64 kwenye 6,700, kilo 188, siti mm 790, tanki lita 15.

Dominar yako ina hosipawa 40, Nm 35, na uzito hauko mbali na hizi. Maana yake hata Z650, ya mwisho kwa nguvu hapo, inakupa karibu mara 1.7 ya ulichonacho kwa kila kilo. Kwa hiyo swali la "ipi ina nguvu ya kutosha" limekwisha kabla halijaanza. Zote zinatosha. Kinachobaki ni nguvu hiyo inakuja wapi, na pikipiki inaibebaje.

Krenki270

Naongezea hapo kwa mkuu Pinda_Kona, kwa sababu hili ndilo linalotenganisha hizi injini na wengi hulipita.

MT-07, Hornet na GSX-8S zote ni silinda mbili sambamba zenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya digrii 270. Pistoni moja ikiwa juu kabisa imesimama, nyingine iko katikati ya njia ikikimbia. Hakuna wakati ambapo zote mbili zimesimama pamoja, kwa hiyo krenki haipati ule mtikisiko wa kuharakishwa na kuchelewa kila nusu mzunguko. Milipuko inakuja baada ya digrii 270 kisha 450, ndiyo maana mlio unafanana na injini ya V ya digrii 90. Ukifungua mafuta ukitoka kwenye kona, mkono unahisi kile tairi la nyuma linachofanya.

Z650 ina krenki ya digrii 180. Pistoni moja juu, nyingine chini, zinasimama na kuondoka pamoja. Milipuko ni 180 kisha 540. Si injini mbaya, ni imara sana, lakini chini ya mizunguko 3,500 kwenye gia ya juu inagonga-gonga na hutaki kuilazimisha.

Trident inalipuka kila baada ya digrii 240, sawasawa. Ni laini kuliko zote tano ukiwa mjini. Ukiisahau kwenye gia ya nne kwa mwendo wa foleni, inaondoka tu bila malalamiko.

Halafu angalieni kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni. GSX-8S ni mm 84 kwa 70, MT-07 ni 80 kwa 68.6, Hornet ni 87 kwa 63.5. Mbili za kwanza zina mwendo mrefu, zinavuta chini. Hornet ina mwendo mfupi na kipenyo kikubwa, inapenda kupandishwa. Hosipawa 92 zake ziko juu huko, baada ya 7,000, mahali ambapo mtu wa foleni hafiki siku nzima.

Tairi_160

Hapo sasa mmeanza kuionea Hornet. Nm 75 dhidi ya 78 za Suzuki, tofauti ya tatu, huku Suzuki ikibeba kilo 12 zaidi. Barabarani hata chini Hornet haiachwi.

Na kuna jambo hakuna aliyelitaja: tairi la nyuma. Hornet na Z650 zinavaa 160/60-17. MT-07, GSX-8S na Trident zinavaa 180/55-17. Tairi la 160 linainama haraka zaidi na kwa nguvu ndogo ya usukani, na kwa kawaida ni nafuu kuliko la 180. Kwa hosipawa chini ya 100, upana wa 180 ni wa kupendezesha macho tu. Ila asije mtu akavika 180 kwenye rimu ya 160 (rimu ya inchi 4.5). Linabanwa pembeni, linakuwa na mgongo uliochongoka, na pikipiki inaanza kuangukia kwenye kona badala ya kuingia taratibu.

Mama_Sproketi

Mdogo wangu Ngoma_Tupu, umesema abiria na umesema kilo 86. Basi acha injini, tuzungumzie foku na shokapu, maana hapo ndipo pikipiki za daraja hili zinapokatwa gharama.

Zote tano, foku za mbele hazina marekebisho yoyote. Unapokea ulichopewa. Nyuma unaweza kukaza spring tu, isipokuwa MT-07 ambayo tangu 2018 ina pia skrubu ya kupunguza kasi ya kurudi. Hornet na Trident zina Showa za kichwa chini (bomba nene liko juu, jembamba chini) za mm 41, GSX-8S ina KYB za kichwa chini. MT-07 hadi 2024 na Z650 zina foku za kawaida.

MT-07 ya kabla ya 2025 ndiyo laini kuliko zote mbele. Mtu wa kilo 65 ataisifu. Wewe na abiria wako, ukifunga breki kwa nguvu, pua inazama hadi karibu na mwisho, na ukiachia inaruka juu. Dawa inajulikana: spring nzito za uzito wako, pamoja na valvu za kuongeza ukinzani ndani ya foku, na oili mpya ya foku. Kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua. Iweke kwenye bajeti kabla hujasema MT-07 ni nafuu.

Yoyote utakayochukua, siku ya kwanza pima inavyozama. Usibahatishe.

Ning'iniza nyuma mpaka gurudumu lining'inie. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye mkia, wima juu ya ekseli. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama. Tuseme umepata mm 600. Shusha, kaa ukiwa umevaa kila kitu, miguu kwenye vikanyagio, mtu wa pili ashikilie usukani na wa tatu apime. Ukipata 565, imezama mm 35. Kwa barabara lenga 30 hadi 40, mbele na nyuma. Kisha shuka, pima pikipiki ikisimama yenyewe bila mtu. Izame mm 10 hadi 15.

Hapa watu wengi wanapotea. Kama ukikaa inazama 35 vizuri, lakini ukishuka haizami hata kidogo, spring yako ni laini mno. Umeikaza hadi imeamka yote ndipo ikafikia kipimo. Inayotakiwa ni spring nzito zaidi, isiyokazwa sana.

Gia_ya_Sita

Mkiendelea hivi mwenzetu atanunua baiskeli.

Kwa nini asiende moja kwa moja MT-09? Cc 890 tangu 2021, silinda tatu, hosipawa 119, Nm 93, kilo 189, na ina kipima mwelekeo cha mihimili sita, kwa hiyo ABS (breki zisizoacha gurudumu lijifunge) na udhibiti wa mtelezo vinajua pikipiki imelala kiasi gani. Hatauza tena baada ya mwaka. Au Street Triple 765 R, hosipawa 120, injini ya ukoo huohuo unaotumika kwenye mashindano ya Moto2 tangu 2019.

Mama_Sproketi

Kutoka hosipawa 40 hadi 119 ni mara tatu. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini aliomba pikipiki ya foleni na abiria. MT-09 siti yake ni mm 825, ina haraka ya kunyanyua tairi la mbele kwenye gia ya kwanza na ya pili, na abiria wake anakaa kwenye kipande kidogo cha siti. Na kama anafikiria zile za mwanzo za 2013 na 2014 kwa sababu ya bei, zilikuja na mafuta yanayoshika kwa kishindo na shokapu laini, bila udhibiti wa mtelezo. Kwa mtu anayetoka kwenye silinda moja ya 400, hapana.

Pinda_Kona

Naunga mkono. Street Triple nayo inapendeza, lakini hosipawa 120 zake ziko kwenye mizunguko 11,500. Ni kisu cha kona. Kwenye foleni unabeba kitu usichokitumia.

Foleni_Kuu

Mnaopita foleni kila siku, klachi nayo ihesabiwe. Hornet, GSX-8S, Trident na Z650 zina klachi nyepesi ya kuteleza: mkono unachoka kidogo, na ukishusha gia kwa haraka gurudumu la nyuma halirukiruki. MT-07 imeipata kwenye toleo la 2025. Za nyuma ya hapo hazina. Ukishuka gia mbili kwa pupa kwenye lami yenye maji utajua.

Vilevile MT-07 ilikuwa haina udhibiti wa mtelezo hadi hilo toleo la 2025, lilipoingia na mkono wa mafuta unaotumia umeme badala ya waya, foku za kichwa chini na kaliper za mbele zinazofungwa kwa mtindo wa radial. Z650 iliupata 2023. Nyingine tatu unao tangu zitoke. Kama barabara zako zina vumbi juu ya lami au mistari ya rangi inayoteleza mvua ikinyesha, hili ni kubwa kuliko hosipawa kumi.

Kama foleni ndiyo adui namba moja, Yamaha wana MT-07 ya Y-AMT: haina kishikio cha klachi wala kanyagio cha gia, inaongeza kilo 2.8. Honda nao wana E-Clutch kwenye CB650R tangu 2024, ambapo kishikio kipo ukikitaka lakini unaweza kusimama na kuondoka bila kukigusa. Mimi ningeichukua hiyo ya Honda, kwa sababu mfumo ukigoma bado una mkono wako.

Nne_Safi

Nashangaa CB650R imetajwa kwa bahati tu. Silinda nne, hosipawa 95, laini mpaka unasahau, mlio wa kweli.

Krenki270

Na hosipawa hizo 95 ziko kwenye mizunguko 12,000, na Nm 63 ziko 9,500. Ina kilo 202 na zaidi. Na abiria nyuma, kupita lori unashuka gia mbili, yaani malalamiko yaleyale aliyokuja nayo hapa. Kwa anayependa kuipigia kelele injini, ni tamu. Kwa huyu, haifai.

Nne_Safi

Bado mlio wenu wa silinda mbili ni wa trekta.

Ngoma_Tupu

Asanteni sana. Trident na Z650 nadhani zinaanza kutoka, moja kwa sababu spea zake kwangu ni za kuagiza na nyingine kwa sababu sitaki kupanda daraja nusu. Zimebaki tatu za 270. Maswali mawili. Moja, urefu: sm 171 na siti ya 805 au 810, nishushe kwa zile bamba za nyuma? Pili, servisi ya valvu kila baada ya km ngapi, maana hiyo nitalipia.

Mama_Sproketi

Usishushe chochote kabla hujakaa juu yake na viatu vyako. Namba ya siti haisemi upana. MT-07 ni nyembamba sana kati ya mapaja, mtu wa 171 anashika chini kwa nusu ya mbele ya miguu yote miwili. GSX-8S ni pana kidogo pale tanki linapokutana na siti, na uzito wa kilo 202 unausikia ukiirudisha nyuma kwa miguu kwenye mteremko. Hornet ndiyo ya chini kuliko hizo tatu.

Ukiweka bamba za kushusha nyuma mm 25, mambo mawili yanaharibika. Pembe ya mbele inalala, pikipiki inakuwa nzito kuingia kona, na inabidi upandishe foku kwenye vibano ili kusawazisha kidogo, huku ukihakikisha tairi la mbele halitagusa rejeta foku zikizama zote. La pili ni stendi ya pembeni: sasa ni ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama wima, na upepo au mguso mdogo unaiangusha upande wa pili. Stendi inabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Ni nafuu kupunguza sponji la siti mm 15.

Valvu_Kimya

Valvu: MT-07 ni takriban km 40,000. Hornet na GSX-8S ni km 24,000. Hiyo ni kukagua, si lazima kurekebisha. Kwenye MT-07 na GSX-8S valvu zinarekebishwa kwa shimu (vibamba vya unene tofauti) zilizo chini ya vikombe, kwa hiyo ikionekana moja imebana, kemushafti (shafti zinazofungua valvu) zinatoka. Saa ziongezeke, malipo yaongezeke.

Kwa anayekimbia km 15,000 kwa mwaka, Hornet au GSX-8S inafunguliwa mara tatu kabla ya 75,000, MT-07 mara moja. Ni tofauti halisi ya pesa, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipenda MT-07 licha ya foku zake.

Halafu msije mkasubiri kelele ndipo mkakague. Valvu za ekzosti zikichakaa kwenye kiti chake nafasi inapungua, injini inazidi kuwa kimya, mpaka siku moja valvu haifungi sawasawa, inaungua, na kuwasha asubuhi kunakuwa kwa shida. Ukimya ndiyo dalili mbaya.

Tairi_160

Mafuta zote tatu ni lita nne na ushee kwa km 100 ukiendesha kistaarabu. Lakini Hornet ina lita 15.2, wenzake 14. Safarini hiyo ni km 25 hivi za ziada kabla ya kuanza kutafuta kituo.

Foleni_Kuu

GSX-8S ina kwikishifta (kubadili gia bila kushika klachi) ya kupanda na kushuka toka kiwandani. Hornet ni ya kununua pembeni, MT-07 pia. Mkilinganisha bei, linganisheni pikipiki iliyovaa sawa. Suzuki kilo zake zinakasirisha, lakini breki ni diski za mm 310 na kaliper za mtindo wa radial, na ina mihimili miwili ya kusawazisha iliyopishana digrii 90, kwa hiyo kwenye mwendo wa 120 vioo vinaonyesha gari kweli badala ya ukungu.

Ngoma_Tupu

Bajeti inaniruhusu Hornet au GSX-8S mpya, au MT-07 ya 2021 hadi 2023 iliyotumika na chenji ya kutosha foku. Naegemea MT-07 iliyotumika. Nikienda kuiona nitazame nini?

Rejeta_Safi

Fika injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika weka kiganja kwenye kava la klachi. Ikiwa ya moto, alikuwa anaficha jinsi inavyowaka.

Kabla ya kuwasha, piga tochi shingoni, pale fremu inapokutana na vibano vya foku. Kuna vizuizi vidogo vya chuma vinavyozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Rangi ikiwa imepasuka hapo, au kizuizi kina bonde, usukani uligongwa kwa nguvu hadi ukafika mwisho. Vishikio vya breki na klachi vinabadilishwa kwa dakika kumi, vizuizi hivyo hakuna anayevigusa. Ukiona hilo, ondoka bila kubishania bei.

Inua mbele, geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukisikia kashimo katikati, beringi za shingo zimeisha. Kisha shika foku chini, vuta na sukuma. Ikigonga-gonga ni huohuo ugonjwa, au nati imelegea.

Futa foku kwa kitambaa, bonyeza mbele mara tano kwa nguvu, tazama. Mstari wa oili ukitokea, sili zimekufa. Angalia kama oili imefika kwenye pedi, maana hapo pedi nazo zinatupwa.

Cheni: vuta kiungo kimoja nyuma, pale katikati ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, imekwisha. Ukitaka uhakika, ivute ikaze na upime viungo 20, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya 21. Cheni mpya za saizi 520 na 525 zote ni mm 317.5. Ikikaribia 323 hesabu cheni na sproketi zote mbili. Zungusha gurudumu upime sehemu nne, kwa sababu cheni iliyonyauka ina sehemu ngumu na sehemu legevu.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi lenye miaka saba ni la kutupa hata kama mistari yake bado ina kina. Diski: unene wa chini umechapwa juu ya diski yenyewe, njoo na kipimo.

Washa. Betri kabla ya kuwasha iwe volti 12.6 au zaidi, na kwenye mizunguko 4,000 isomeke kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, usikubali kuambiwa "ni betri tu", inaweza kuwa chaja au waya za jenereta.

Barabarani, gia ya tano, mwendo wa 60, fungua mafuta yote. Mizunguko ikiruka bila mwendo kufuata, klachi inateleza. Jaribu gia ya pili kwa kuvuta kwa nguvu na kuachia ghafla mara kadhaa. Ikijitoa, meno ya gia yamelika, na kufika hapo ni kufungua injini yote.

Na rejeta. Nekedi haina cha kuificha, mawe yote ya tairi la mbele yanaishia pale. Tafuta mapezi yaliyolala na alama za kijani au nyeupe za maji yaliyokauka. Ukiinunua, wavu wa rejeta uwe kitu cha kwanza, kabla ya ekzosti ya kelele.

Pinda_Kona

Ongeza: kama ina ekzosti isiyo ya kiwandani, uliza ya zamani iko wapi. Na angalia sensa ya hewa chafu imeunganishwa au imezibwa kwa plagi ya udanganyifu. Zilizochezewa mara nyingi zinakohoa ukifunga mafuta na zinakatakata kwenye mizunguko 3,000. Peleka pia namba ya chasisi kwa wakala wa Yamaha akutazamie kama kuna wito wa kiwanda wa kurudisha pikipiki kwa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi. Hailipiwi.

Ngoma_Tupu

Shukrani kubwa wakuu. La mwisho: oili. Kuna fundi ananiambia nitumie sintetiki ya gari, eti ni ileile na bei nafuu.

Valvu_Kimya

Si ileile. Klachi ya MT-07 inaogelea kwenye oili ya injini. Oili nyingi za gari, hasa nyepesi za kuokoa mafuta kama 5W-30, zina viungo vya kupunguza msuguano, na hivyo ndivyo vinavyofanya sahani za klachi ziteleze. Zikishalowa, kubadilisha oili pekee huwa haitoshi, unaweza kununua sahani. Tafuta 10W-40 yenye alama ya JASO MA au MA2 nyuma ya kopo. Inaingia lita 2.6 ukibadilisha na filta, 2.3 bila filta. Ijaze hadi 2.4 kwanza, iwashe dakika tatu, izime, subiri itulie, kisha soma kiwango chake pikipiki ikiwa wima, si kwenye stendi ya pembeni. Upepo wa tairi uwe psi 33 mbele na 36 nyuma, na upimwe zikiwa baridi.